Vyuma Viko Thika

Kimbo, pale Ruiru, fundi wa kuchomelea akikuambia mlango wako utakuwa tayari Jumamosi, anamaanisha mojawapo ya zile Jumamosi ambazo Mungu bado hajaziumba. Wateja wamezoea. Wanakuja, wanaambiwa stima ilipotea. Wanarudi, wanaambiwa rangi haijakauka. Mara ya tatu wanapewa kiti na hadithi ndefu. Ndiyo maana Githae alijulikana mpaka Kamakis. Yeye akisema Jumamosi, basi Jumamosi saa nne asubuhi geti limesimama, rangi imekauka, na mwenyewe amenawa mikono. Juu ya mlango wa karakana yake aliandika, kwa rangi nyekundu iliyobaki baada ya kupaka geti la kanisa: JUMAMOSI NI JUMAMOSI. Alilipenda sana bango hilo. Mkewe Beth, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na hapendi majivuno, alisema ni sentensi isiyompa msomaji habari yoyote.

Basi mtu huyo ndiye aliyegeuka mwongo wiki tano mfululizo, tena kwa ajili ya kitu ambacho hapo Kimbo hata hakionekani kwa macho.

Mambo yalianzia kwenye kamera. Githae aliinunua ikiwa kuukuu kutoka kwa Muzammil, mpiga picha za harusi mjini Thika, kwa nia njema kabisa ya kupiga picha mageti yake awaonyeshe wateja. Jioni moja stima ikapotea mtaa mzima, watu wakaanza kulaani, naye kwa kukosa kazi akapanda juu ya paa la ghorofa wanamoishi, akaiweka kamera chali kwenye tangi la maji na kuiacha wazi nusu dakika. Alipoangalia kioo kidogo cha nyuma, akaona nyota nyingi kuliko alizowahi kuona tangu utotoni. Siku hizo alikuwa na miaka hamsini. Alishuka akiwa amebadilika, ingawa Beth alidhani ni njaa.

Kuanzia hapo, stima ikipotea Kimbo, watu wote waliguna isipokuwa mmoja.

Alisoma, akatazama video, akaambiwa kuna galaksi inayoitwa Andromeda, jirani mkubwa wa hii tuliyomo, yenye nyota zisizohesabika, na kwamba mtu mwenye kamera ya kawaida anaweza kuipiga picha akiwa na subira. Subira alikuwa nayo. Tatizo ni kwamba nyota hazitulii. Ukiiacha kamera wazi, kila nyota inatoka kama mstari, kwa hiyo lazima kamera nayo itembee pamoja nazo. Wenye uwezo hununua mashine ya kuizungusha. Githae alikuwa na bawaba.

Alichukua mbao mbili, akaziunganisha upande mmoja kwa bawaba ya geti, akapitisha bolti ndefu upande wa pili, akafunga kamera juu. Ukiizungusha bolti mzunguko mmoja kwa dakika, ubao wa juu unafunguka taratibu kama geti la mtu asiyependa wageni, na kamera inazifuata nyota. Aliizungusha kwa mkono, macho kwenye saa. Ila yule mzungu wa kwenye video, anayeishi mbali kaskazini kwenye baridi, alisema bawaba iinuliwe ielekee juu, zaidi ya nusu ya njia kutoka ardhini hadi utosini. Githae hapuuzi kipimo. Akaiinua vivyo hivyo, na kwa miezi sita akapiga picha za minyoo. Beth aliziangalia akauliza kama anaweza kuzitumia darasani kwenye somo la usafi.

Dawa aliipata akiwa kazini. Alikuwa anatundika geti la Gachau, mwenyekiti wa Nyumba Kumi, kile kikundi cha majirani cha usalama, na geti likawa linajifunga lenyewe kwa sababu bawaba zilikuwa zimeinama. Githae akasimama na spana mkononi mpaka Gachau akamuuliza kama anahisi vibaya. Alikuwa anafikiria anga. Hapa kwetu, karibu kabisa na ikweta, nyota hupanda wima mashariki na kushuka wima magharibi. Basi bawaba ya anga la Ruiru haisimami hata kidogo. Imelala chali, kichwa kaskazini, miguu kusini. Mzungu alikuwa amesema kweli, ila ni kweli ya kwao. Jioni ile Githae akapanda juu na pima maji, akailaza bawaba mpaka kiputo cha hewa kikatulia katikati, na nyota zikatoka nukta. Alipiga ukelele mmoja tu, lakini mbwa wa ploti zote waliusikia.

Haya yote aliyafanya kwa siri. Alikuwa baba wa Ngendo na wenzake, waliokwisha oa na kuolewa, mzee wa kanisa, fundi mwenye jina, na aliona haya. Watu wangesema amechanganyikiwa, au kwamba anachungulia madirisha ya wake za watu. Akiulizwa anapanda juu kufanya nini, alijibu kwamba anaangalia tangi. Tangi la Githae likaanza kusikitikiwa mtaani. Musembi, fundi wa mabomba, alikuja mara mbili kujitolea kuliziba bure, kwa udugu. Beth peke yake ndiye aliyejua, na aliiita galaksi ile mke mwenza. "Mwenzangu yuko leo?" angeuliza akitazama mawingu dirishani. "Ama amekasirika tena?"

Sasa, picha moja ya galaksi haitoshi. Inakuwa na chengachenga tele. Inabidi upige nyingi, kompyuta izipange moja juu ya nyingine, chenga zipungue, galaksi ijitokeze. Githae alijipangia mia tatu, na laptop ya Beth ikajaa mpaka mitihani ya darasa la tano ikakosa pa kukaa. Lakini Andromeda haingoji mtu. Inapatikana jioni kuanzia Novemba hadi Januari, upande wa kaskazini, juu ya mashamba ya kahawa ambako hakuna taa. Mvua za Novemba zilimlia siku nyingi, mwezi ukamlia nyingine. Na shamba lenyewe lilikuwa limeshawekwa vigingi vya ploti. Mwakani kungekuwa na nyumba kule, na taa zake. Kama angeipata picha yake, ni msimu huu.

Jumapili ya kwanza ya Desemba, Gachau akaitisha mkutano wa Nyumba Kumi. Aliyesimama kwanza alikuwa Waridi, mama yake Zahra, mpangaji wa nyumba ya chini, ambaye mandazi yake pale steji ya matatu ndiyo yanayowafikisha wafanyakazi wa alfajiri Nairobi wakiwa na adabu.

"Mimi natoka saa kumi na nusu, na karai ya unga kichwani," alisema. "Hapo kwa njia yetu hakuna taa, na kuna mtaro. Siku moja nitaingia. Sitaki mambo mingi. Nataka taa moja, hata ndogo."

Watu wakapiga makofi. Mwenye ploti akaahidi taa na waya. Zilizobaki zilikuwa nguzo na kazi, na macho yote yakamgeukia Githae, ambaye alikubali nguzo iwe mchango wake.

"Fundi, lini?" akauliza Gachau.

"Jumamosi," akajibu Githae. Lilimtoka tu, kwa mazoea.

Usiku ule ndipo akili ilipomrudia. Nguzo ilitakiwa kwenye kona ya njia, mkabala na paa lake. Taa ikiwashwa pale, kamera haitaona kitu kingine mpaka mwisho wa dunia. Alikuwa na picha mia moja na kumi na mbili. Akajiambia: wiki moja tu, nimalizie, kisha nitawawekea nguzo ambayo hawajawahi kuiona.

Vyuma alikuwa ameshaviagiza kwa muuzaji wake wa Thika, na Jumatano vikaletwa na pikapu, paipu tatu nzuri. Akazipanga mwenyewe kando ya ukuta wa karakana. Akazifunika na turubai. Kwa sababu ya mvua, akajiambia, ingawa mvua ilikuwa imekatika tangu Jumatatu.

Jumamosi Gachau alifika saa nne kamili, kwa imani.

"Vyuma viko Thika," akasema Githae.

Yalimtoka laini mno hata yeye mwenyewe akashtuka. Miaka ishirini na tano ya kazi hajawahi kusema uongo wa fundi, na kumbe alikuwa na kipaji. Gachau alimpa pole, akalaumu watu wa Thika, akaondoka. Jumamosi ya pili Githae alitundika aproni yake juu ya bango.

Desemba ikaenda hivyo. Jioni zenye mawingu alikaa juu ya paa akimbembeleza mke mwenza ajitokeze, na jioni safi alizungusha bolti yake, dakika kwa dakika, akihesabu. Mia moja na sitini. Mia moja na tisini. Krismasi watu wakaenda mashambani kwao, na gari la kumletea fundi vyuma, kwa maneno yake mwenyewe, likawa bado halijaonekana kwenye barabara ya kutoka Thika, kilomita ishirini tu.

Jumamosi ya kwanza ya Januari alikuja Waridi mwenyewe. Alileta mandazi manne kwenye karatasi, ya moto bado, akayaweka juu ya meza ya kazi. Hakukuwa na kiti. Akaangalia huku na huku, akaona turubai kando ya ukuta, akakusanya buibui lake na kuketi juu ya turubai.

Githae alianza kupanga spana zake upya.

"Sasa Baba Ngendo," alisema Waridi. "Taa yangu iko wapi?"

"Aaai, Mama Zahra. Hao watu wa Thika, hata sijui niseme nini. Vyuma bado ziko huko."

"Bado ziko Thika."

"Bado."

Waridi alijisogeza kidogo, kama mtu anayetafuta mahali pazuri zaidi pa kukaa, akatulia. "Haya," akasema. "Mungu awafungulie njia." Akainuka, akakung'uta buibui, akaenda zake. Yale mandazi Githae aliyala yote manne akiwa amesimama, na hakuyasikia ladha.

Alipomwambia Beth, Beth hakucheka. "Githae," alisema, na alikuwa hamwiti hivyo ila kwa jambo zito, "huyo mwenzangu ni wa mbali. Huyu mama ni wa hapa chini."

"Zimebaki ishirini tu," akajibu Githae. Alikuwa na picha mia mbili na themanini. "Jioni moja. Jioni moja safi, nimemaliza."

Alhamisi iliyofuata, saa kumi na nusu alfajiri, alisikia karai likigonga saruji. Aliijua sauti hiyo kabla hajajua ameisikia. Alishuka ngazi bila viatu, na tochi ya simu, akamkuta Waridi ameketi kwenye ukingo wa mtaro, mkono wa kushoto ameubana kifuani, donge lote la unga likielea kwenye maji machafu. Hakuwa analia. Alikuwa akiutazama ule unga.

"Ni wa watu themanini," alisema. "Sasa watakula nini?"

Zahra, binti yake, akamkimbiza zahanati kwa bodaboda. Mfupa haukuvunjika, walisema, ila kifundo cha mkono kimeteguka vibaya, wiki tatu asikande kitu. Githae alibaki njiani na karai tupu. Aliona haya ambazo hakuwahi kuziona maishani, si zile haya ndogo za kuogopa kuchekwa kwa ajili ya nyota, bali haya zenyewe, za mtu aliyemtazama mwenzake machoni na kumdanganya, mandazi yake yakiwa bado ya moto mezani.

Kulipopambazuka alilitoa turubai. Alichoma mchana kutwa, bila chai. Jioni anga ikafunguka, safi kama haijawahi kuwa tangu mwaka uanze, bila mwezi, bila wingu hata moja, na Beth akaja mlangoni akamwambia kwa upole kwamba mwenzake yuko nje anamsubiri. Githae alivaa miwani yake ya kuchomelea akaendelea. Kuanzia kesho yake anga ilifunga kwa wiki mbili, na hata ilipofunguka galaksi ilikuwa inazama mapema mno. Zile picha ishirini hakuzipata.

Ila kuna jambo moja alilifanya usiku ule. Alipokuwa anachoma kikono cha kushikilia taa, alisimama akaitazama. Taa yenyewe ilikuwa wazi pande zote. Nusu ya mwanga wake ungeenda juu, kwa ndege na malaika, wakati mtaro uko chini. Akachukua kipande cha bati nene, akakikunja, akakichomelea juu ya kikono kiwe kofia pana yenye kingo ndefu. Mwanga ukabaki hauna njia ila kwenda chini. Alikitengeneza kwa nusu saa.

Ijumaa jioni nguzo ikasimama. Ilikuwa kazi ya kwanza ya Githae kukamilika siku moja kabla ya Jumamosi, na ya kwanza kuchelewa wiki tano. Taa ilipowashwa, njia yote ikawa nyeupe, ungeweza kuokota sindano. Gachau alitazama juu akauliza kwa nini taa imevaa kofia kama bibi wa kanisani. Hapo Githae, mbele ya Nyumba Kumi nzima, akavuta pumzi na kueleza: kwamba anapiga picha za nyota, kwamba mwanga ukienda juu nyota zinapotea, na kwamba tangi lake halijawahi kuvuja hata tone.

Musembi aliweka mikono kiunoni.

"Na mimi nilikuwa nimekununulia seal ya tangi!" akasema Musembi, kwa uchungu.

Walicheka mpaka watoto wakatoka nje kuona kuna nini. Hakuna aliyesema amechanganyikiwa. Mmoja aliuliza kama anapiga na picha za pasipoti. Waridi alikuwa amesimama pembeni, mkono kwenye kitambaa, na yeye alitabasamu tu.

Wiki ya tatu Githae alimwomba Waridi apande juu aone. Alipanda ngazi polepole akiwa na Beth, wakaketi kwenye ndoo zilizopinduliwa kando ya lile tangi zima. Chini njia iling'aa. Juu ya paa palikuwa na giza la kutosha, na nyota zilikuwa mahali pake. Waridi aliinama akachungulia chini, kisha akatazama juu, kisha akachungulia chini tena.

"Kwani hii kofia ungeweza kuiweka tangu siku ya kwanza?"

"Ningeweza," akasema Githae.

"Na taa ningepata, na wewe nyota zako ungebaki nazo."

"Ndiyo."

"Sasa mbona hukusema?"

"Niliona haya, Mama Zahra. Mtu mzima mimi."

Waridi alitikisa kichwa. Beth alifungua laptop, na Githae akaionyesha picha yake, ya mia mbili na themanini zilizopangwa pamoja. Katikati ya weusi kulikuwa na ukungu mrefu, umelala upande, katikati mweupe na kingo zake zikififia. Kingo hizo zingekuwa wazi zaidi kwa zile ishirini, au pengine hapana, na hilo hatalijua. Waridi alisogeza uso karibu.

"Ni kama doa la mafuta kwa karatasi ya mandazi," akasema.

"Ni nyota," alisema Githae, ameumia kidogo. "Zote hizo ni nyota. Huo mwanga ulitoka huko miaka milioni mbili na nusu iliyopita ndio ukafika hapa kwa kamera yangu."

"Miaka milioni mbili na nusu."

"Na nusu."

"Basi uliletwa na fundi wa Kimbo."

Beth aliangua kicheko mpaka akashika tangi asianguke. Githae naye alicheka, hakuweza kujizuia, alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akauona ule mkono wa Waridi juu ya goti, bendeji imelegea, vidole bado vimevimba, na kicheko kikamwishia. Alikuwa amempelekea unga. Alikuwa amemwekea taa. Lakini lile neno lenyewe hakuwa amelisema, na alijua asipolisema sasa hatalisema tena.

"Mama Zahra," akasema. "Ile siku ulikuja na mandazi. Vyuma hazikuwa Thika. Zilikuwa zimefika kitambo."

Waridi aliendelea kuitazama galaksi.

"Najua," akasema. "Nilikuwa nimezikalia."